Pikapu Iliyokuwa Banda la Kuku

Mtu aliyepita nyuma ya nyumba za askari polisi mjini Jinja mwezi wa Novemba mwaka 2018 hakukosa kuiona pikapu kuukuu iliyosimama chini ya mwembe. Rangi yake haikujulikana tena kama ilikuwa ya kijivu au ya samawati, rimu zake zilikuwa zimezama ardhini, na kuku 14 waliingia na kutoka katika dirisha la dereva kama wapangaji waliokwisha kulipa kodi. Wake wa askari walianika dagaa juu ya boneti yake. Watoto wengi wa kambi walizaliwa wakaikuta papo hapo, wala hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuisikia ikinguruma.

Pikapu hiyo ni Peugeot 404, au Pijo kama wengi wanavyoitamka. Mwenyewe alikuwa sajini wa polisi aliyekwisha kupokea barua ya kustaafu, na ambaye alitakiwa kuikabidhi nyumba ya serikali ifikapo tarehe 28 Februari 2019. Vitanda, masanduku na sufuria vingepakiwa katika lori la kukodi hadi wilaya ya Katakwi, huko Teso, mwendo wa zaidi ya kilomita 250. Lakini gari lisilotembea halipakiwi kama kitanda. Lingebaki, na chochote kinachobaki kambini baada ya mwenyewe kuhama huhesabiwa kuwa takataka.

Jumamosi moja mwezi huo akaja mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Aliizunguka pikapu mara mbili, akaipiga teke tairi, akatamka shilingi 700,000. Sajini hakukubali wala hakukataa. Alikuwa na mtoto wake wa tatu, kijana wa miaka 17, ambaye wiki hiyo hiyo alikuwa anamaliza mtihani wa kidato cha nne, na karo ya kidato cha tano ilikuwa haijaonekana itatoka wapi. Fedha za chuma chakavu zingetosha muhula wa kwanza. Kwa hesabu ya baba wa watoto watano, jambo lilikuwa limekwisha.

Kijana ndiye aliyelifungua upya. Usiku, baada ya chakula, alimwomba baba yake ampe nafasi ya kuifufua pikapu kabla ya tarehe ya kuhama. Mama alidhani mwanawe anatania. Sajini hakucheka. Aliuliza maswali kama afanyavyo mtu aliyezoea kuandikisha maelezo: fedha zitatoka wapi, vifaa vitatoka wapi, nani atakayemfundisha. Kijana alikuwa na jibu la swali moja tu kati ya hayo matatu, yaani fedha: angeziba matairi ya pikipiki katika kituo cha bodaboda, kazi ambayo alikwisha kuifanya likizo zilizopita. Hata hivyo sajini alikubali, kwa masharti. Mfanyabiashara angerudi Jumamosi ya pili ya Januari. Ikiwa siku hiyo injini haijawaka, pikapu ingepanda juu ya lori lake. Na senti moja ya akiba ya karo isiguswe.

Yafaa kueleza kwa nini sajini, mtu asiye na mchezo katika mambo ya fedha, alikubali. Pikapu ilikuwa ya baba yake, askari wa zamani wa KAR, aliyeinunua mwaka 1976 kwa mnunuzi mmoja wa pamba pale Soroti. Kwa miaka mingi ilibeba pamba, karanga na wagonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wezi wa mifugo walipoyafagia mazizi ya Teso, yule mzee alibaki bila ng'ombe hata mmoja, na pikapu ndiyo iliyokuwa zizi lake. Kisha, mwezi wa Juni mwaka 2003, waasi wa LRA walipoingia Teso, mzee huyo mwenye umri wa miaka 73 aliendesha kati ya kijiji chake na mji wa Soroti mara tatu katika usiku mmoja na asubuhi yake, amepakia wanawake na watoto wa majirani hadi pembeni. Wengine kati ya watoto hao sasa ni wazazi. Mzee alifariki mwaka uliofuata. Sajini aliileta pikapu Jinja mwaka 2005, na mwaka 2006 ikachemka njiani, ikavutwa kwa kamba hadi chini ya mwembe. Kila mwaka alisema ataitengeneza mwaka ujao.

Wala si ajabu kwamba mzee yule alichagua Pijo. Gari la 404 lilianza kuuzwa mwaka 1960, umbo lake limechorwa na Pininfarina wa Italia, na katika Afrika ya Mashariki lilijipatia sifa kwa matendo wala si kwa matangazo. Lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili likiendeshwa na Nick Nowicki wa Kenya, na mara mbili likiendeshwa na Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania. Katika mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza safari hiyo ya matope. Saluni zake zilikoma kuundwa Ufaransa mwaka 1975, lakini pikapu ziliendelea miaka mingi baadaye, kwa kuwa wakulima na wafanyabiashara hawakukubali kuachana nazo.

Siku ya kwanza kijana alihamisha kuku. Siku ya pili na ya tatu alichota samadi, na alipofika chini akakuta sakafu upande wa dereva imeliwa na kutu kiasi cha kupitisha mguu. Siku ya nne alifungua boneti. Ndipo alipogundua kwamba hajui anachokitazama. Injini ya 404 haisimami wima kama za magari mengi. Imelalishwa ubavu kwa nyuzi 45, na plagi zake zimezama ndani ya visima virefu juu ya silinda hedi. Plagi moja haikuwamo. Mtu fulani aliwahi kuichomoa asiirudishe, na kwa muda wa miaka 12 maji ya mvua yalikuwa yakishuka kisimani humo taratibu. Alipotia hendeli ya kuwashia kwa mkono na kuisukuma kwa mwili wote, injini ilikuwa kama jiwe.

Huko Walukuba aliishi mzee mmoja aliyepata kuwa fundi katika karakana ya jeshi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hakufanya kazi tena, na watu wa mtaa walimwita Afande kwa heshima tu. Kijana alimwendea akiwa amebeba mkate na sukari, kama alivyoagizwa na mama yake, kwani ujuzi wa mtu mzima hauombwi mikono mitupu. Mzee alisikiliza, kisha akauliza jambo moja: "Umekwisha kuipiga nyundo?" Kijana akajibu hapana. "Basi karibu uketi."

Dawa aliyompa ilikuwa ya subira. Achanganye oili nyepesi na dizeli, amimine katika kila silinda kupitia visima vya plagi, na kila jioni aongeze. Asilazimishe. Asubuhi na jioni aishike hendeli na kuisukuma kidogo mbele na kidogo nyuma, kama mtu anayeamsha mgonjwa. Kwa siku nane hapakuwa na badiliko lolote, na vijana wenzake waliokaa chini ya miti ya kambi wakisubiri matokeo ya mtihani walimpachika jina la Daktari wa Maiti. Siku ya tisa hendeli ilisogea upana wa kidole. Siku ya kumi na moja injini ilizunguka mzunguko mzima, ikakwaruza, ikatoa maji mekundu ya kutu kwenye kisima cha plagi. Mama yake, aliyekuwa akiosha vyombo, alipiga vigelegele vilivyowatoa majirani ndani.

Katika siku hizo kulitokea jambo ambalo wazazi wenye vijana wa namna hii wasilipuuze. Kijana alikuwa amezoea kuingia chini ya pikapu ikiwa imeinuliwa kwa jeki peke yake. Mama yake hakujua kitu juu ya magari, lakini alijua kwamba chuma chembamba hakibebi nyumba. Alikokota magogo mawili ya mvule kutoka jikoni akaamuru yawekwe chini ya gari kila linapoinuliwa, ama sivyo hapana chakula. Kijana alitii huku akinung'unika. Kabla ya Krismasi jeki iliteleza katika udongo uliolowa, na pikapu ikaangukia magogo, kifua cha kijana kikiwa chini yake. Alitoka bila mchubuko. Magogo hayo hayakurudi jikoni tena.

Mwisho wa Desemba aliifungua silinda hedi. Mzee wa Walukuba alikuwa amekwenda kijijini kwa sikukuu, na hapo ndipo kijana alipofanya kosa lake kubwa.

Ili msomaji alifahamu kosa hilo, ni lazima ajue jinsi injini hiyo ilivyoundwa. Katika magari mengi, silinda ni matundu yaliyochongwa ndani ya bloku lenyewe. Katika 404, pistoni hupanda na kushuka ndani ya mabomba manne yanayochomolewa, ambayo mafundi huyaita slivu. Kila moja lina tundu la upana wa milimita 84. Maji ya kupoza injini huyazunguka mabomba hayo moja kwa moja. Kinachozuia maji yasivuje chini hadi kwenye oili ni sili nyembamba iliyo kitakoni mwa kila slivu, na kinachoigandamiza sili hiyo ni silinda hedi inapokazwa juu. Huu ni mpango wenye akili, kwa kuwa slivu ikichakaa hutolewa ikatiwa nyingine bila kuchonga bloku zima. Lakini una sharti lake: silinda hedi ikiondolewa, slivu zibanwe mara moja kwa bolti na vipande vya bati nene, na kabla ya kuzibana, injini isizungushwe hata kidogo. Pistoni ikipanda huinyanyua slivu pamoja nayo, na sili iliyokauka kwa miaka mingi huachia.

Kijana hakulijua sharti hilo. Alitaka kukwangua masizi juu ya pistoni zote nne, akashika hendeli akazungusha. Alisafisha vizuri sana. Akapeleka silinda hedi kwa mchonga vyuma ikasawazishwa uso, akanunua gasketi mpya kwa fedha zote alizopata kituoni kwa kuziba matairi ya wiki nne, akaikaza hedi kwa mpangilio, kuanzia bolti za katikati kwenda za pembeni. Ijumaa, siku moja kabla ya mfanyabiashara kurudi, alijaza maji katika rejeta. Aliazimia kuiwasha asubuhi yake, kabla lori halijafika.

Alfajiri ya Jumamosi, kabla ya kutia betri ya kuazima, alifanya kama alivyofundishwa na mzee: akatazama maji, akatazama oili. Maji yalikuwa yamepungua. Oili ilikuwa imepanda juu ya alama. Alilala chini akafungua nati ya kutolea oili, na kilichotangulia kutoka kilikuwa maji matupu. Oili ilifuata nyuma yake. Alikaa chini ya gari kwa muda mrefu bila kusema kitu.

Laiti angeiwasha, huenda ingenguruma kwa dakika chache, mfanyabiashara angeondoka, na masharti ya baba yangekuwa yametimizwa. Kisha bearingi zingeharibika, na hapo pasingekuwa na pikapu wala shilingi 700,000. Kijana aliyajua haya yote, na lori lilikuwa limekwisha kuonekana langoni. Alikwenda akamwambia baba yake.

Sajini hakumkaripia. Alimwomba daftari. Tangu siku ya kwanza kijana alikuwa akiandika kila alichokifanya katika daftari la shule, tarehe kwa tarehe, pamoja na kila shilingi iliyotoka. Mzee wa Walukuba ndiye aliyemwagiza afanye hivyo, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa desturi ya karakana ya jeshi. Sajini alisoma akiwa amesimama, mfanyabiashara akimsubiri, wapakizi wake wawili wakiwa wamekwisha kufungua kamba. Katika ukurasa wa mwisho wino ulikuwa bado haujakauka. Yaliandikwa maneno haya: "Maji yameingia katika oili. Sababu: nilizungusha injini bila kubana slivu. Kosa ni langu, si la gasketi."

Kwa miaka zaidi ya 30 mtu huyu alikuwa amesoma maelezo ya watuhumiwa na mashahidi, na maelezo ya askari wenzake pia, na ni nadra sana kukuta ndani yake mtu anayejitaja mwenyewe kuwa chanzo cha hasara. Alilifunga daftari. Alimwambia mfanyabiashara kwamba gari haliuzwi, akampa mmoja wa wale kuku kwa usumbufu. Kisha akamgeukia kijana: "Mpaka tarehe 28 Februari. Siku ya kuhama ni siku ya kuhama, hiyo haiongezwi."

Mzee wa Walukuba aliporudi na kusikia habari, alicheka mpaka akakohoa. Alisema kwamba yeye mwenyewe alifanya kosa hilo hilo katika gari la mkubwa wake, naye hakuandika popote. Sasa akakubali kuja. Kila siku aliletwa kwa bodaboda, akaketishwa kwenye kigoda chini ya mwembe, na kwa kuwa macho hayakumsaidia, alifanya kazi kwa vidole na masikio. Kijana alipochomoa slivu ya kwanza, mzee aliipitisha kidole ndani, akasema ile ya tatu ndiyo iliyonyeshewa mvua. Na kweli, ilikuwa ya tatu. Kutu ilikuwa ya juu juu. Ilisuguliwa kwa msasa mwembamba uliolowekwa mafuta ya taa, kwa kuzungusha mkono, wala si kwa kupandisha na kushusha, mpaka mzee aliporidhika.

Zilihitajika sili nne, ringi za pistoni, na gasketi nyingine, kwani gasketi ya hedi iliyokwisha kukazwa mara moja hairudiwi. Fedha hazikuwapo. Hapa mama aliingia kati bila kuulizwa. Aliwauza kuku wote 13 waliobaki, akaongeza akiba ya mayai ambayo mumewe hakuwa na habari nayo, na akamkabidhi kijana fedha hizo mbele ya baba yake, akisema kwamba kuku hao walikaa katika gari hilo miaka mingi bila kulipa kitu, na sasa wamelipa. Naam, nyumba nyingi za askari zimesimama juu ya akiba za namna hiyo, ingawa si desturi kuzisema.

Kijana alipanda basi hadi Kampala, kilomita 80, akiwa na slivu moja na pistoni moja ndani ya mfuko wa sukari. Katika soko la Kisekka alizunguka tangu asubuhi hadi saa tisa. Wauzaji wengi walimwambia kwamba spea za 404 zilikwisha kabla yeye hajazaliwa. Mzee alikuwa amemwonya asitaje 404, bali atoe kipimo: injini ya sisi 1,618 na ile ya Pijo 504 ya sisi 1,796 zina upana mmoja wa silinda, milimita 84, na tofauti yao ni urefu wa mwendo wa pistoni, milimita 73 kwa 81. Pistoni za 504 zisingemfaa, lakini ringi zingeweza kufaa ikiwa unene wake ni ule ule. Alipoanza kuuliza kwa kipimo, milango ikafunguka. Muuzaji mmoja mzee alishusha kutoka darini boksi lenye vumbi na maandishi ya Kifaransa. Walipima ringi moja baada ya nyingine katika mifereji ya pistoni hapo hapo juu ya meza.

Kazi ya kurudisha injini ilichukua siku tisa. Mara hii slivu zilibanwa. Valvu zilirekebishwa injini ikiwa baridi, za kuingiza milimita 0.10 na za kutoa moshi milimita 0.25, kijana akishika vibati vya kupimia na mzee akisikiliza mlio wa bati linapopita. Maji yalijazwa, yakaachwa usiku kucha. Asubuhi oili ilikuwa katika alama yake. Yakaachwa usiku wa pili, kwa kuwa mzee hakuamini usiku mmoja.

Tarehe 16 Februari, saa nne asubuhi, pikapu iliwaka. Haikuwaka kwa heshima. Ilipiga chafya katika kabureta, ikatoa moshi mweusi, kisha mweupe, kisha manyoya ya kuku yaliyokuwa yamebaki katika bomba la eksosi. Ikatulia. Wakubwa kwa wadogo walikusanyika, na mzee wa Walukuba akainua mkono watu wanyamaze. Alisikiliza kwa dakika nzima. Kisha akasema valvu moja inagonga, ikaze kesho ikiwa baridi, na hedi irudiwe kukazwa ikishatembea kidogo. Halafu akaomba chai.

Kuwaka si kutembea, na kutembea si kusimama. Breki ndizo zilizomaliza siku zilizobaki. Mipira ya silinda za magurudumu ilikuwa imevimba kama uyoga, ishara kwamba mtu aliwahi kutia oili ya injini badala ya mafuta ya breki. Kosa hilo bado linafanyika mahali pengi kwa sababu ya kuokoa shilingi chache, na limewaua watu; oili ya kawaida huila mipira hiyo, na pedali huenda chini siku ambayo dereva anaihitaji zaidi. Mipira yote ilibadilishwa, mabomba yaliyoliwa na kutu yakabadilishwa, na hewa ikatolewa gurudumu baada ya gurudumu, mdogo wake wa kike wa miaka 10 akikanyaga na kuachia pedali kwa amri. Matairi manne ya mitumba yalipatikana. Sakafu iliungwa bati na welda wa mtaani, ambaye alikataa malipo alipoambiwa habari za mwaka 2003. Yeye pia alikuwa mtu wa Teso.

Kuhusu karatasi, sajini alikuwa amejiandaa kuliko alivyojulikana. Mwaka 2010 aliposhughulikia shamba la marehemu baba yake, mahakama ilimpa barua za usimamizi wa mirathi, na katika orodha ya mali aliiandika pikapu, ijapokuwa wakati huo ilikuwa na mayai ndani. Kwa hiyo kubadilisha jina la umiliki hakukuhitaji kuanzia mwanzo. Familia ngapi za askari zina magari, pikipiki na viwanja vyenye majina ya watu waliokwisha kuzikwa! Alilipia bima ya mtu wa tatu, akaipeleka pikapu kukaguliwa, ikarudishwa kwa ajili ya taa moja ya nyuma, ikapelekwa tena ikapita.

Lilibaki jambo moja gumu. Sheria ya Uganda hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kuendesha gari barabarani, na kijana angetimiza umri huo mwezi wa Julai. Majirani walimshauri sajini amwachie angalau kutoka kambini hadi barabara kuu, kwani nani atakayemkamata mtoto wa sajini? Sajini aliwajibu kwamba ndiyo sababu hasa hatamwachia. Kijana aliinamisha kichwa. Kwa siku mbili hakuzungumza mezani, na pengine hakuna anayeweza kumlaumu. Alikuwa ameijua kila nati ya gari hilo, na ni mtu mwingine aliyeshika usukani.

Waliondoka tarehe 27 Februari, saa kumi na moja alfajiri. Vitu vizito vilitangulia kwa lori, na pikapu ikabeba godoro, masufuria, magogo mawili ya mvule na kigoda ambacho mzee wa Walukuba alikikalia, alichokitoa zawadi. Mama na wadogo walipanda basi. Sajini aliendesha kwa kilomita 50 kwa saa, hata pale barabara iliporuhusu zaidi. Kijana aliketi kushoto kwake, daftari magotini. Walisimama Namutumba kutazama maji, wakasimama Mbale kukaza hedi baada ya injini kupoa kabisa, saa tatu nzima kivulini, mlima Masaba ukiwa mbele yao. Matokeo ya mtihani yalikuwa yamekwisha kutoka. Yalikuwa ya wastani, yanayotosha kidato cha tano na yanayotosha chuo cha ufundi pia, na hapo Mbale, chini ya mti, baba na mwana walizungumza habari hiyo kwa mara ya kwanza. Hawakuafikiana. Sajini anataka kidato cha tano. Walikubaliana juu ya jambo moja: karanga za msimu huo zitabebwa na pikapu, ya kwao na ya majirani kwa malipo, na fedha hizo ndizo zitakazolipa karo, iwe ya shule ipi.

Walivuka daraja la Awoja jua likielekea magharibi, wakapita Soroti, wakaingia Katakwi giza limeshika. Bibi wa kijana, mjane wa yule askari wa KAR, alikuwa amekwisha kuaga watu na kwenda kulala. Walioshuhudia wanasema alitoka nje taa za gari zikiwa bado hazijaonekana, akasimama uani akiwa amejifunga shuka, akasema kwamba hiyo inayokuja ni ya mzee. Pikapu ilipoingia uani aliisogelea, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa upesi kwa sababu ya joto, akacheka.

Aliuliza nani aliyeitengeneza. Lakini kijana hakuwapo kujibu. Alikuwa tayari upande wa pili, amewasha tochi, anatazama oili.